Dereva Aliyesimama kwa Ajili ya Senene

Mdogo wangu Koku,

Tumefika Izigo kwa bibi, ila nimekasirika. Tulipotoka Bukoba mvua ilikuwa inamwagika, mara senene wakatanda barabarani. Dereva akasimama, abiria wengine wote wakashuka kuwaokota, mlango wakauacha wazi. Mwanangu akalowa chapachapa.

"Dereva, mtoto anakohoa!"

"Mama, gari lipo, senene wanaruka!"

Nilimsema mpaka tunafika, naye akanipa senene kwenye jani la mgomba, eti nimsamehe. Bibi amewakaanga, nimekula, na hasira iko palepale. Mtoto kifua kimetulia.

Wiki ijayo ukija huku, usidanganywe na jua la Dodoma. Mbebee mwanao koti la mvua, ukae mbali na mlango. Senene wakitua, nakujua, utashuka. Mfunike mtoto kwanza.

Nawapenda,
Dada yako