Kata Ileile ya Mtungini

Mama Zakia, mjinga wa jana ni mimi.

Nampeleka mama yako zahanati kwa bodaboda. Ulipotoka tu kwenda shamba alianza kutapika na kuharisha. Usije mbio, nguvu za kunisema bado anazo.

Maji ya mtungini yachemsheni. Hapana, nafuta hilo, yamwageni yote. Mtungi, kata, kisu na kibao vioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Jana nilipokuwa namkatakata yule jogoo wa kumkirimu mama yako, mgeni wetu, niliteka maji mtungini kwa kata, kwa mikono ileile yenye damu. Zakia akasema, "Baba, sabuni kwanza!" Nikamcheka: "Sawa, bibi afya." Kisha bibi yake akanywa kwa kata hiyohiyo. Zakia mwanangu, nisamehe. Safari hii sitanii.

Uji wake uwe tayari tukirudi.

Baba Zakia

Bodaboda bado inageuza, niongeze hili. Nimejitetea kwa mama kwamba kuku aliiva vizuri. Amenijibu: "Niliyemla aliiva, baba. Niliyemnywa ndiye hukumpika."