Sauti Niliyopeleka kwenye Mashine

Dada yangu Bimkubwa,

Salamu zikufike hapo Kikwajuni. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Mwadini, mfanyabiashara mwenzangu anayerudi Unguja, barua hii akutilie mkononi. Mimi mzima. Guangzhou mvua haikatiki, na kwenye soko la Shisanhang ninakonunua mali, nguo za Idi zishajaa.

Juzi nilikwenda chuo kikuu kimoja cha hapa. Wanapiga picha za ubongo kwa mashine ya sumaku, waone unafanyaje mtu akisikia sauti ya mtu wake. Nilijiandikisha kwa vile wiki nzima sijasema na mtu ila kuuliza bei. Nikavua hereni, bangili, mpaka pini za mtandio. Daktari akaniambia, "Usitikisike, utaharibu picha."

Niliwapa sauti aliyonitumia mama siku mbili kabla hajafa. Sikuwahi kuifungua, dada. Niliona mle ndani ya mashine sitaweza kukimbia.

"Muzdalifa, mchele ule mpya haufai, unashikana. Ushakula wewe?"

Basi, hayo tu. Machozi yakaniingia masikioni na sikutikisika.

Nilikwambia sikuja mazikoni kwa kuwa tiketi zimekwisha. Hazikwisha. Niliogopa.

Mwezi ujao wananiita tena, wanataka sauti ya mtu wangu aliye hai. Nimeandika jina lako. Nirekodie chochote, hata kunigombeza. Nitalala kimya nikusikilize mpaka mwisho.

Mdogo wako asiye na mwengine,
Muzdalifa