Jiwe la Kusugulia Miguu

Pap Onditi, Jumapili

Odongo, pacha wangu,

Huku tumeamka salama. Mtama umekauka tena, ila ng'ombe mwekundu amezaa.

Unakumbuka lile jiwe la kusugulia miguu nyuma ya nyumba ya Mama, lenye alama ya jani? Ulidhani ni uchafu. Ulilisugua kwa majivu mpaka Mama akacheka: "We Odongo, wacha! Hilo jiwe lilizaliwa hivyo."

Jana alikuja mtafiti kutoka Kisumu, Zamzam, anayechunguza mimea ya kale. Alipoliona alipiga magoti palepale kwenye matope. Anasema ni jani la kweli, lina mamilioni ya miaka. Alinionyesha ncha yake ndefu, iliyochongoka. Majani ya namna hiyo humwaga maji haraka, kwa hiyo hapa petu palikuwa msitu wa mvua nyingi. Halafu mvua ikapungua, na miti ile ikaisha kabisa. Nikaangalia mtama wetu.

Anataka kulipeleka makumbusho. Alisikitika tu kwamba nusu ya jani imelika.

Nikamwambia, hiyo nusu imeliwa na visigino vya Mama, kila jioni akitoka shamba, miaka arobaini. Hakusikitika tena.

Hukuja kumzika, Odongo. Hilo sitalirudia. Nimemwomba Zamzam angoje mpaka Desemba.

Njoo usugue miguu kwanza.

Niliyekutangulia kuzaliwa,
Apiyo