Mafuu ya Mama Yameongoza

Shoga, leo nimeumbuka maabara, sijui kesho nitaingiaje.

Yale mafuu meusi ya porini aliyoniokotea mama, leo nimesaga mfuko wa mwisho uliobaki kwenye friza. Mashine ikasoma antioksidanti, zile kemikali za kulinda mwili, nyingi kuliko tunda lolote tulilowahi kupima! Na wenzangu walikuwa wakiyaita chakula cha ndege.

Nikakurupuka, nikampigia mama.

Mama! Mwaka mzima tangu tumzike, na mimi nampigia, spika wazi, watu wote wananitazama.

Ikapokelewa. Kumbe namba yake wameshapewa watu wengine. Mtoto akasema, "Mama ametoka. Nimwambie nini?"

Ati nimwambie nini!

Nikasema, "Mwambie mafuu yake yameongoza."

Akanijibu, "Haya, akirudi nitamwambia."