Bluu Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Gari limerudi. Afadhali lisingerudi!

Wiki tatu kwenye gereji ya shemeji, na nimerudishiwa nini? Milango ya kulia bluu iliyokolea, ya kushoto bluu iliyopauka kama sare iliyofuliwa mara mia. Boneti ina vipele kama ganda la chungwa. Chini ya kioo cha pembeni rangi imechuruzika ikaganda papo hapo. Na juu ya buti, ndani ya rangi, kuna nzi. Nzi mzima! Na miguu yake yote.

Shemeji (mwenye gereji ndiye mume wa mdogo wangu, ole wangu) anasema ni mwanga tu. Likikaa juani siku mbili tatu, rangi zitalingana. Nikamwambia, shemeji, nimefundisha watu udereva miaka kumi na moja, macho yangu hayana kasoro. Akacheka. Alicheka!

Jumatano, 6 Machi

Nimelirudisha. Nilifika kabla hawajafungua. Shemeji akachukua mashine ya polishi, akasugua ukingo wa boneti mpaka rangi ikatoka, bati likachungulia. Kisha ananiambia nisogee, eti namtia presha.

Nikapaza sauti. Wateja wawili wakageuka. Akanivuta pembeni: mimi ni mtu wa nyumbani, ndiyo maana gari langu liliwekwa mwisho likamaliziwa harakaharaka. Mteja wa kawaida asingevumilia. Kwa hiyo undugu ndio adhabu yangu! Nikaliwasha gari, nikaondoka nalo hivyo hivyo.

Mchana mdogo wangu akapiga simu. Hata salamu hakuna. "Dada, umemwaibisha mume wangu mbele ya watu." Nikamuuliza kama ameliona gari lenyewe. Akasema kuna kitu kinaungua jikoni. Akakata.

Alhamisi, 7 Machi

Sina la kuandika. Nina hasira tu.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanafunzi wangu wa asubuhi, yule mwalimu mstaafu, alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, kama anasimamia mtihani. Akauliza kwa upole kama mlango wa nyuma kushoto umetolewa kwenye gari jingine. Nikamwambia apande, afunge mkanda, awashe. Kwa ukali. Mzee wa watu akazima injini mara nne kwa woga. Nikaona haya — kisha nikazidi kumchukia shemeji, maana hata hilo ni kosa lake.

Lakini neno la mzee likanikaa kichwani. Niliporudi nyumbani nikabandua sumaku kwenye friji, nikaijaribu gari zima. Boneti — imeshika. Milango ya kulia — imeshika. Mlango ule — ikaanguka. Nikajaribu juu, chini, katikati. Inaanguka tu. Chini ya rangi hamna bati la kushika, ni puti tupu, imekandikwa kama udongo ukutani. Na mlango ule haukuwa na bonde hata moja nilipowapelekea! Mikwaruzo tu, basi.

Nikafungua daftari la kazi. Kilomita naziandika kila siku, asubuhi na jioni. Kati ya siku niliyolipeleka na siku niliyolichukua zimeongezeka mia moja na kumi na nane. Gari linapakwa rangi, huku linatembea! Linakwenda wapi?

Wahuni wakubwa.

Jumatatu, 11 Machi

Sikwenda kwa shemeji. Nilimvizia mpiga msasa wake, yule wanayemwita Kipara, pale anapokunywa chai. Nikaiweka sumaku mezani. Akaitazama. Akasema ana watoto wanaomtegemea. Nikamwambia jina lake halitatoka kinywani mwangu.

Akakoroga chai muda mrefu. Ndipo akasema: gari lilikuwa linatoka jioni, kazi zikiisha. Bosi anakaa upande wa abiria. Wiki ya pili likabamiza nguzo ya geti. Nikamuuliza nani alikuwa kwenye usukani.

"Mama, muulize mdogo wako."

Nilikaa garini dakika ishirini bila kuwasha.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwita, amekuja. Chai hataki. Kiti hataki.

Nikamwambia yote bila kumung'unya. Kwamba yeye na mumewe wamenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu ananipigia simu kunidai heshima! Nilidhani atalia. Hakulia.

"Nilikuomba mara ngapi unifundishe, dada? Hebu hesabu."

"Nilikuwa na wanafunzi —"

"Miaka sita! Umefundisha mpaka yule mchumba wako aliyekuacha. Mimi unaniambia nina moyo mwepesi, nitaua mtu."

Nilisema hivyo? Nilisema. Mbele ya mama mkwe wake, tena huku nacheka.

Lakini sikukiri. Nilichomjibu ni kwamba kumbe nilisema kweli, na nguzo ya geti ni shahidi. Lilinitoka tu. Akanitazama kama mtu asiyenijua. Akatoka, akaubamiza mlango mpaka vikombe vikalia kabatini.

Nilidhani ameenda kwake. Hajaenda. Naandika nimesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha. Yumo ndani ya gari langu — sikulifunga — kwenye kiti cha dereva. Ufunguo ninao mimi. Amefunga mkanda. Mikono miwili kwenye usukani, anatazama mbele, hageuki. Robo saa sasa. Anadhani nitatoka kumbembeleza. Sitoki! Na akae hapo hapo mpaka ajue kuwa —

Amegusa kioo cha kati. Anakirekebisha. Amekielekeza juu mno, hata kutoka hapa naona. Kwa kioo kile anaona dari tu, haoni kabisa kinachokuja nyuma ya — Ngoja nikamwonyeshe.