Pesa Iliyoingia Ukiwa Ndani

Ikwiriri,
Jumapili, mwezi wa sita.

Kwako kaka yangu Maneno,

Shikamoo kaka, na amani ya Mungu iwe juu yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, na moyo umetulia kadiri mahali hapo panavyoruhusu. Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepona? Na usingizi unaupata? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anasahau. Wanao wote wawili wanakwenda shule na wana afya. Najua barua hii itasomwa kwanza na askari wenu, kwa hiyo nao nawasalimu, na nawaomba wakupe yote, maana haina neno la kumdhuru mtu.

Kaka, nakuandikia jambo ambalo pengine limekwishakufikia nusunusu, kwa kuwa Ikwiriri hii unaijua. Nataka ulipate zima kutoka kwangu.

Siku ya hukumu ulimkabidhi wifi Zuena simu yako palepale mahakamani, kabla hujapandishwa kwenye gari. Jana yake ulikuwa umebeti mechi za wiki ile, na za mwisho zilichezwa Jumapili, wewe ukiwa umekwishavaa nguo za kifungo. Wifi aliizima simu akaifungia sandukuni. Hakutaka hata kuiona, na mimi sikumlaumu, kwa sababu sote tunajua kwamba ulipomgonga yule kijana Saidy karibu na stendi mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani wa pikipiki na mwingine umeshika simu, unatazama magoli. Mwenyewe ulilikiri mbele ya hakimu, nami nilikuheshimu kwa hilo.

Hazikupita siku nyingi wifi akaja kuniomba nikae na watoto. Alisema amepata kibarua cha kuamia mpunga huko Maparoni, wanatafutwa watu wa kufukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Nilishangaa, maana hajazoea maisha ya visiwani, kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, na maji yakijaa yanapita chini yako. Akasema atazoea. Alirudi mwezi uliopita amekonda, na alichobeba ni pishi chache za mchele. Nikasema moyoni kwamba waliomwajiri wamemdhulumu.

Aliporudi ndipo alipoiwasha simu yako, akitafuta namba ya mwenye pikipiki. Meseji zikamiminika, na mojawapo ilisema mkeka wako wa mechi umetiki wote, umeshinda. Alinifuata jikoni akanipa nisome, kwa kuwa aliona kama macho yanamdanganya. Kaka, ni pesa ya kujenga nyumba ya tofali, kuiezeka bati, na ikabaki. Iliingia kwenye laini yako na mpaka leo imo humo.

Tulimweleza baba mdogo Badru, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu sasa, na hapo siri ikaisha. Ilipofika alasiri mji mzima ulikuwa ukiigawa pesa yako. Vijana wa kijiweni kwenu walisema jamaa kaliwa miaka yote, leo kala, mwacheni hata kama yuko ndani. Wanunuzi wa ufuta walisema mtu hawezi kutoka jela tajiri kuliko alivyoingia, vinginevyo hiyo ni adhabu gani. Ustadhi wa msikitini alisema kamari ni haramu kwa aliye ndani na kwa aliye nje, na pesa ya namna hiyo ikajenge choo cha shule bila mtu kutarajia thawabu. Baba mdogo alitaka itafute wakili wa kukata rufaa. Wengi zaidi walisema wapewe wazazi wa Saidy, kwa kuwa mguu wa mtoto wao umekatwa, na mguu wa bandia si jambo la mchezo.

Wote walimwendea wifi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipewa jibu lilelile. “Simu ni ya mume wangu. Kafungwa, hajafa.” Wakati huohuo mvua za mwisho za masika zilikuwa zikimvujia ndani, na mimi niliingia nikamkuta akiburuta kitanda kutafuta pembe kavu. Hata senti moja hakuitoa.

Baba mdogo akaita kikao nyumbani kwake Ijumaa baada ya swala, akatuma mtu Maparoni kumwita mzee Mwinyimvua, baba yake Saidy. Mzee alivuka kwa boti hadi Nyamisati, akapanda gari akaja. Tulijua amekuja kuchukua. Alisikiliza mpaka wote wakamaliza, akaomba maji, akanywa, kisha akasema taratibu kwamba mahakama ilikupa miaka na yeye akaridhika.

“Huyu hakufungwa kwa kushinda,” alisema. “Kafungwa kwa kumuumiza mwanangu. Mkimchukulia hii kwa sababu hayupo, kesho mtachukua na shamba lake. Mali ya mfungwa ni mali ya mtu.”

Baba mdogo akamuuliza kama hataki basi hata ya mguu wa bandia. Mzee akajibu kwamba mwanawe aligongwa kwa ajili ya mchezo huohuo. “Nikiipokea, nitakuwa nimeubetia mguu wake,” akasema.

Kisha, kaka, akageuka kule mlangoni tulikokaa wanawake, akamwonyesha wifi. Alisema tusidhani kwamba nyumba yako haijawapa kitu. Saidy alipokuwa bado hospitali mpunga wao ulikwishaanza kushika punje, na wao wazee wawili hawakuwa na wa kuulinda. Siku moja akashuka mwanamke kwenye boti, na furushi mkononi, akawaambia, “Mimi ni mke wa aliyemgonga Saidy. Nionyesheni dungu liko wapi.” Mama yake Saidy alimfukuza kwa maneno ambayo mzee mwenyewe hakutaka kuyarudia. Zuena aliokota furushi lake. Alikwenda akauliza kwa majirani, akapanda dunguni akalala na njaa, na alfajiri wakamsikia akiwapigia ndege kelele. Kesho yake mama yake Saidy ndiye aliyempelekea ugali, kwa mkono wake. Alikaa hadi mavuno, akavuna pamoja nao. Alikataa ujira, na ule mchele alioleta alitwishwa kwa nguvu. Mpunga huo ndio waliouza, na Saidy amekwishapimwa mguu, anasubiri kuitwa kuuchukua.

Nilimtazama wifi, niliyechota naye maji miaka yote hii, nikaona kama simjui. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi wa kanga. Baba mdogo, unavyomjua asivyokosa neno, alifunga kikao kwa dua fupi tu. Tukakubaliana simu ibaki kwa wifi, na jibu litoke kwako mwenyewe. Ndiyo sababu nakuandikia.

Sasa kuna jambo ambalo halikusemwa kikaoni. Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza wifi yeye anataka nini. Akasema pesa ni yako, amebishana na mji mzima kwa ajili hiyo, na akibakia peke yake ataendelea kubisha. Ukiitaka, siku ya kutoka atakukabidhi simu yako mlangoni, haijapungua kitu. “Lakini ikiingia ndani ya nyumba yetu, mimi nitatoka,” akasema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Kisha akaniapisha nisikuandikie neno hilo. Anataka uamue kwa moyo wako, si kwa kuogopa kuachwa, maana akishajua ulivyoamua atajua anaishi na nani.

Nimemvunjia kiapo, kaka. Nililala na jambo hili nikashindwa kulibeba, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu na mwanamke kama yule sitakupatia mwingine. Mungu anisamehe. Ukijibu, jibu kana kwamba hukuisoma aya hiyo.

Atakuja kukuona siku ya kutembelea wafungwa, mwisho wa mwezi. Usimuulize habari ya pesa, na usimuulize Maparoni alifuata nini, hatakwambia. Mtazame viganja tu. Majani ya mpunga yameviandika vyote.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila swala. Watoto wanakuamkia. Baba mdogo Badru naye anakusalimu, ingawa bado analitaja lile la wakili. Mzee Mwinyimvua alipoagana nasi aliniambia nikikuandikia nisisahau salamu zake, na nimezifikisha. Saidy hakutuma salamu. Aliagiza tu kwa baba yake niulize unatoka lini.

Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mashavu