Mikono Iliyompokea Mama Yako

Mjukuu wangu Mutheu,

Hapa Tassia, Nairobi, sote tu wazima, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama naijua ile hospitali kuukuu ya chuo chenu huko Marekani. Naijua, ingawa sijafika.

Nilipokuwa nikijifungua mama yako, mkunga alikuwa mweusi kama mimi, nami nikamlilia kwa Kikamba. Akacheka, hakuelewa hata neno, kumbe ni Mmarekani. Kesho yake alinieleza kwamba kwao watu weusi walifungiwa milango ya hospitali, basi chuo hicho chenu kikajenga hospitali yake chenyewe, na humo ndimo alimosomea ukunga. Nikampa mtoto jina lake, Ruthi.

Unasema siku hizi jengo limefungwa. Usinicheke, mama. Piga hodi hivyo hivyo, useme Ruthi wa Nairobi alikua, na bintiye ndiye huyu amekuja kusoma.

Nyanya yako